Haya Maneno ni ya Nani?



Leo hatuzungumzii shela wala hina. Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini Alkhamisi baada ya Alasiri tunafunika vyerehani mapema na kukaa mkekani na madaftari. Tunasoma Kiajemi, kile cha washairi wa zamani, na kidogo kidogo Kigiriki cha kale, lugha ya Plato na Xenophon. Tuko mafundi wanne, na hakuna kati yetu aliyefika chuo kikuu. Kiajemi tumeanza kukizoea. Kigiriki bado tunakisoma kama mtoto wa juzuu amma, kidole juu ya mstari, herufi kwa herufi.

Sababu ilianzia kwenye kazi. Bi harusi wa siku hizi anataka maneno. Anataka maneno kwenye kadi, kwenye kitambaa cha ukumbini, wakati mwengine hata kwenye pindo la mtandio. Analeta sentensi ya Kiingereza aliyoiona kwenye simu, na chini yake pameandikwa Rumi. Sisi ni watu wa kudarizi, na uzi ukishaingia kwenye kitambaa haufutiki kama ujumbe wa simu. Kwa hiyo tunamuuliza: haya maneno ni ya nani?

Maulana Jalaluddin Rumi alizaliwa mwaka 1207, akafariki Konya mwaka 1273. Alikuwa mwanachuoni wa fiqhi kabla watu hawajamjua kwa mashairi. Kitabu chake kikubwa, Mathnawi, kina madaftari sita na beti kama 25,000, na ndani yake aya za Qur'ani na hadithi zimeshonewa kila mahali, nyengine kwa Kiarabu chake kilekile katikati ya Kiajemi. Reynold Nicholson, Muingereza, alikitoa chote pamoja na tafsiri kati ya mwaka 1925 na 1940. (Sehemu zenye mambo ya chumbani alizitafsiri kwa Kilatini, ili asizielewe kila mtu. Tulicheka sana tulipolijua hilo.) Baadaye akaja Mmarekani, Coleman Barks, ambaye mwenyewe alisema wazi kwamba hasomi Kiajemi. Alichukua tafsiri za Kiingereza za waliomtangulia akaziandika upya kwa Kiingereza chepesi, na kitabu chake cha mwaka 1995 kikauzwa sana. Kiingereza chake ni kizuri, hatukatai. Lakini njiani Mtume (s.a.w.) amepungua, Qur'ani imepungua, sala imepungua, mpaka Rumi akabaki kama mtu asiye na dini maalumu. Na huyo ndiye anayeletwa kwenye nikaha ya Kiislamu kuwa ndiye Rumi.

Kwa hiyo tuna utaratibu wetu. Neno la kweli la Mathnawi lina anwani: daftari la ngapi, beti ya ngapi. Lina maneno yake ya Kiajemi, na yanatafutika bure kwenye tovuti ya Ganjoor iliyokusanya washairi wa Kiajemi. Likikosa anwani, tunamwambia bi harusi aliandike bila ya jina la mtu, au achague jengine. Hajachukia hata mmoja. Wengine walifurahi kuona beti yenyewe kwa herufi za Kiajemi, na ikapendeza kwenye kitambaa kuliko kile Kiingereza.

Sasa msiogope lugha yenyewe. Mtoto wa kisiwani aliyepita chuoni ana nusu ya Kiajemi mkononi. Herufi ni zilezile 28 za msahafu, na zimeongezwa nne tu: ya p, ya ch, ya g, na ya zh ambayo sisi hatuna. Bibi zetu walioandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wasingepata tabu. Ila matamshi yanachekesha, maana Wairani husoma tha kama s, na dhad kama z. Angetusikia ustadhi wetu wa chuoni, bakora ingelia.

Maneno nayo yapo midomoni mwetu. Bandari, rangi, pamba na nanga yote yametoka huko. Bustani kwao ni mahali pa harufu nzuri, bu ni harufu na stan ni mahali, na Saadi wa Shiraz alikiita hivyohivyo kitabu chake cha mwaka 1257. Sisi mafundi tulifurahi zaidi kwa mengine mawili. Charkh ni gurudumu, ndiyo mama wa cherehani. Darz ni mshono, darzi ni fundi wa nguo, na huko ndiko ilikotoka darizi yetu. Tulikuwa tunasema Kiajemi kila siku dukani bila ya kukisomea.

Hata sarufi yake haina ukali. Sisi tunasema kitabu cha mama, nyumba ya mama, vyombo vya mama. Wao wanaweka -e moja tu, ketab-e madar, na haibadiliki kwa ngeli yoyote. Halafu kuna u. Hilo neno moja linamaanisha yeye, awe mwanamume au mwanamke, kama tusemavyo sisi. Msomaji wa Kiingereza akimsoma Hafidh wa Shiraz, mtafsiri lazima amchagulie kama mpenzi wa kwenye shairi ni mwanamume au mwanamke. Akishachagua, mlango umefungwa. Kwa Kiajemi mlango uko wazi. Yule anayeliliwa usiku anaweza kuwa mtu, anaweza kuwa mfalme aliyenuna, na msomaji mwengine ataona maneno hayo hayamstahiki ila Mola. Ukimuweka kwa Kiswahili, yeye anabaki yeye, na mlango unabaki wazi vilevile. Hapo tuliona kwamba hatuna haja ya kupitia kwa Muingereza ili tumfikie Hafidh.

Kigiriki ni kigumu, tusidanganyane. Jina hubadilika mwisho wake kwa kazi linayoifanya kwenye sentensi, na vitenzi vina sura nyingi mpaka unachoka. Lakini wanaosoma kutoka Ulaya hulalamika kwamba majina ya Kigiriki yana jinsia tatu na kila kivumishi lazima kifuate. Tatu? Mtu aliyekulia kwenye ngeli za Kiswahili hatishwi na tatu.

Tulichokifuata huko ni jambo linalowahusu nyinyi hasa, mabibi harusi. Neno oikonomia, ambalo leo dunia nzima linatumika kwa uchumi, asili yake ni kusimamia nyumba. Oikos ni nyumba. Xenophon, mwanafunzi wa Socrates, aliandika kitabu kizima juu ya hilo, na ndani yake yumo bwana mmoja, Ischomachus, anaeleza alivyomfundisha mkewe, binti aliyeolewa hajafika miaka 15. Anamkabidhi ghala, anamuonesha kila chombo kikae wapi, anampa usimamizi wa walio ndani. Anamwambia kwamba raha kubwa itakuwa siku mke atakapomshinda yeye mume kwa uhodari, amfanye mume ndiye mtumishi wake. Baadaye anamkuta amejipaka poda nyeupe ya madini ya risasi na rangi nyekundu mashavuni, amevaa viatu virefu, anamwambia aache, akande unga na kukung'uta nguo, rangi itakuja wenyewe. Kwa poda ya risasi tunamuunga mkono, ile ni sumu. Kwa viatu, hapana.

Ndani ya kitabu hicho tulikutana na neno gyne. Maana yake ni mwanamke, na maana yake ni mke. Na Kiajemi kina zan, nalo ni mwanamke na ni mke vilevile. Fikirini basi. Kila msemo wa kale unaoanza "wanawake ni hivi na hivi," mtafsiri aliamua kama mwenye kitabu anasema wanawake wote au mke ndani ya nyumba yake. Wewe unayeletewa tafsiri hujui kwamba paliamuliwa kitu.

Tuje kwenye lililotugusa zaidi. Kwenye maharusi tunasikia watu wazima wakimuusia bwana harusi asishauriane na mke, na husemwa kwa sauti ya kidini, kama ni hadithi. Sisi tumelikuta wazo hilo mahali pengine. Nasiruddin Tusi, mwanachuoni mkubwa wa nyota na hesabu, mwaka 1235 aliandika kwa Kiajemi kitabu cha maadili, Akhlaq-i Nasiri. Sehemu yake ya pili ni ya kusimamia nyumba, na aliijenga juu ya maandishi ya Ibn Sina na ya Mgiriki aitwaye Bryson, ambaye Kigiriki chake kimebaki vipande na kitabu kikasalimika kwa tafsiri ya Kiarabu. Humo ndimo mume anapoambiwa ajihadhari na kumshauri mke katika mambo makubwa ya jumla. Tulikwenda pole pole, ukurasa mmoja ulitula wiki tatu. Na tuliona mawili. Kwanza, hata Tusi hakusema mambo yote, amesema yale ya jumla. Pili, hapo anazungumza kama mwanafalsafa. Hakuleta aya, hakuleta hadithi.

Hadithi tunayoijua sisi ni ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, nayo imo kwenye Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha masahaba wachinje na wanyoe, kwa huzuni ya siku ile hakuinuka mtu. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama akamueleza. Mama yetu akampa shauri: toka, usiseme na yeyote, chinja mnyama wako, umwite kinyozi wako. Akafanya hivyo, na watu wakainuka wakafanya. Lipo jambo gani la jumla kuliko lile, siku umma mzima umesimama?

Hatumtukani Tusi, Mungu amrehemu. Lakini bi harusi ana haki ya kujua lipi limetoka kwa Mtume na lipi limetoka kwenye meza ya wanafalsafa. Mkivichanganya viwili hivyo, mwanamke atanyamazishwa nyumbani kwake kwa jina la dini, na dini haikusema.

Wapo wanaotuuliza: Wagiriki walikuwa wakiabudu masanamu, mnataka nini kwao? Swali ni la haki. Imamu Ghazali aliwachambua wanafalsafa katika masuala 20, na katika matatu alihukumu kuwa ni kufuru: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Mwenyezi Mungu hajui mambo madogo moja moja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Lakini kabla ya kuwajibu aliwasoma mpaka akaandika kitabu cha kueleza makusudio yao, kwa kuwa hukubali wala hukatai usichokifahamu. Na alipotaka kuwafundisha watu wa kawaida kwao, aliwaandikia Kimiya-yi Sa'adat kwa Kiajemi, lugha ya nyumbani. Nasi tunashauri mwenye kuanza falsafa awe na akida yake imara kwanza na mwalimu wa kumuuliza.

Kwa mabibi harusi tunaongeza hili. Kama unapenda kusoma, liseme wakati wa posa. Usingoje fungate liishe. Mwambie walii wako akuulizie, na mjadili saa zenyewe: siku gani, wapi, nani atabaki na watoto wakija. Mume mwema akilijua mapema hulizoea kama anavyozoea kwamba Alkhamisi kuna maulidi.

Na muda? Kule Uingereza alikuwepo mwanamke aitwaye Elizabeth Carter, hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Baba yake alimfundisha Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, Kiarabu akajifunza pia. Ili usingizi usimchukue usiku alikuwa akinusa tumbaku, akitafuna majani ya chai na kujifunga taulo bichi kichwani, na kichwa kilimuuma maisha yake yote kwa ajili hiyo. Msimuige kwenye tumbaku. Mwaka 1758 alichapisha kwa Kiingereza maneno yote yaliyobaki ya Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, huku akimsomesha mdogo wake aingie Cambridge. Waliolipia kitabu kabla hakijatoka walimpatia karibu pauni 1,000, fedha nyingi mno wakati ule. Rafiki yake Samuel Johnson alimsifu kwamba anajua kupika na kushona leso sawa na anavyojua Kigiriki. Sisi hiyo sifa tumeipenda, maana wengi huona sindano na kitabu havikai mkono mmoja.

Wakati wa msimu wa harusi tunasoma nusu saa tu, na wiki nyengine tunakosa kabisa. Kigiriki tunatumia vile vitabu vya Loeb vyenye jalada la kijani, Kigiriki ukurasa wa kushoto na Kiingereza wa kulia. Kwenye simu tunafungua Perseus, ambayo ukigusa neno inakupa maana yake na umbo lake. Kiajemi tunaanzia Gulistan ya Saadi, hadithi fupi fupi, ndicho kitabu walichoanzia watoto wa nchi nyingi kwa karne na karne. Atakayependa kujiunga aje na daftari la mistari mipana na kalamu ya risasi, wiki za kwanza ni herufi tu.