Lawama ya Mkuu na Kiti cha Msaidizi

Timu ikishindwa mara moja, watu husema ni bahati. Ikishindwa mara ya pili, husema ni mwamuzi. Ikishindwa mara ya tatu, bahati na mwamuzi huachwa, akatafutwa mtu. Mtu huyo aghalabu si yule mwenye amri kubwa, wala si yule ambaye mguu wake ulikosa goli. Ni yule aliye kati yao, mwenye kutumwa na mkubwa na kusikilizwa na wadogo, ambaye kuondoka kwake hakumtishi mtu. Huyo ndiye msaidizi. Katika insha hii nataka kuuliza kama ni haki, na kama ni busara, mwalimu wa timu ya chuo kuwaondoa wasaidizi wake timu inapoyumba. Swali hili ni dogo kwa sura na kubwa kwa maana, kwani kila mwenye kuongoza watu, awe shuleni, ofisini au shambani, atalikuta mlangoni pake siku moja.

Nchi ya Shinyanga na Geita ni mahali pazuri pa kuliulizia. Mwadui imejulikana kwa almasi tangu mwaka 1940, mjiolojia John Williamson alipoigundua, na mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Ardhi hiyo hiyo imetoa timu za mpira. Stand United, iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi mjini Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikashuka mwaka 2019. Mwadui ilipanda mwaka 2015, ikashuka mwaka 2021. Geita Gold ilipanda mwaka huo huo ambao Mwadui ilishuka, nayo ikashuka mwaka 2024. Katika miaka 10, timu tatu za ukanda mmoja zilipanda, na zote tatu zikashuka. Katika muda huo walimu waliitwa kwa shangwe na kuagwa kwa kimya. Kama kubadilisha watu peke yake kungekuwa dawa, ukanda huu ungekuwa na afya kuliko wote nchini.

Walakini mtu mwadilifu hana budi kutaja na habari iliyo kinyume cha rai yake. Geita Gold ilianza msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu ikiwa chini ya Etienne Ndayiragije kutoka Burundi. Mambo hayakwenda vyema, akaondoka mapema, na Fred Felix Minziro akashika nafasi yake. Msimu ulipokwisha mwaka 2022, timu ile changa ilikuwa ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Hapana awezaye kusema kuwa badiliko lile halikufaa kitu. Lakini baada ya misimu miwili tu timu hiyo hiyo ilishuka daraja. Badiliko, basi, ni kama kisu cha mganga: hukata jipu na hukata mshipa. Aliyeshika kisu hana budi kujua kwanza anakata nini.

Katika vyuo vya Marekani, ambako mpira wao wa kukimbia na kukumbana huvuta makundi makubwa ya watu, mwalimu mkuu huwa na wasaidizi wawili wakubwa: mmoja husimamia mashambulizi, mwingine husimamia ulinzi. Kila mmoja ana wachezaji wake, mipango yake na hesabu yake. Ulinzi ukivuja, watu wanajua mlango wa kubisha. Hata huko lawama haikosi utata, maana mkuu mwingine huingilia kila amri kisha akawaachia wasaidizi aibu peke yao. Lakini angalau mipaka ya kazi imechorwa. Kwetu hali si hiyo. Msaidizi wa timu ya chuo hupanga koni asubuhi, huhesabu jezi mchana, hutuliza ugomvi wa wachezaji jioni, na siku ya mechi huketi kando ya mkuu akinong'ona neno linaloweza kusikilizwa au kupuuzwa. Timu ikifungwa, huambiwa kwamba ulinzi ulikuwa wake. Lini ulikuwa wake? Mtu hawezi kuhukumiwa kwa shamba ambalo hakuonyeshwa mipaka yake.

Wasukuma wa zamani walikuwa na mizani yao katika jambo hili. Mtemi alikuwa na wazee wa baraza walioitwa wanang'oma, na alikuwa na watu wengi wa kumtumikia. Lakini habari ya mvua aliulizwa yeye. Mvua ilipokosekana na njaa ikaingia, mtemi mwenyewe aliweza kuondolewa katika enzi. Sisi wa leo hatuamini kwamba mfalme hufunga na kufungua mawingu, na wala siwatamanii walimu wa mpira hukumu ngumu kama ile. Hata hivyo mna maana ndani ya desturi ile: aliyekubali kuheshimiwa kwa mvua alikubali kuulizwa kwa ukame. Ukubwa unaopokea sifa na kugawa lawama ni ukubwa nusu.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuketi katika kamati ya michezo ya chuo kimoja cha ukanda huu. Timu ya chuo ilikuwa imefungwa mechi 5 kati ya 6. Mwalimu mkuu alituletea barua akiomba waondolewe wasaidizi wake wawili, wa ulinzi na wa makipa. Wote wawili walifanya kazi hiyo kwa posho. Yule wa ulinzi alikuwa kijana mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja mazoezini kwa baiskeli baada ya vipindi vyake, na posho ile ndogo ndiyo iliyomsaidia kumlipia mdogo wake masomo. Nalitaja hilo si kwa sababu umaskini humpa mtu ujuzi wa mpira, bali kwa sababu mkono unaotia sahihi hufaa ujue uzito wa kalamu.

Niliiomba kamati isiamue siku ile, kwanza itafute majibu ya maswali matatu: kila mmoja alipewa kazi gani, aliagizwa kuifanya vipi, na alipewa nini cha kuifanyia. Majibu yalipokuja hayakufanana. Msaidizi wa ulinzi alikuwa amehudhuria mazoezi yote. Aliagizwa kuwasogeza walinzi mpaka karibu na mstari wa kati, ingawa washambuliaji hawakuzoezwa kuwazuia wapinzani huko mbele, na ingawa yeye mwenyewe alikuwa amemweleza mkuu mara mbili kwamba mabeki wale hawakuwa na mbio za kurudi nyuma. Alikuwa na mipira 4 kwa wachezaji 30. Msaidizi wa makipa, kwa upande wake, alikuwa amekosa zaidi ya nusu ya mazoezi bila udhuru, na makipa walizoea kupigiana mipira wao kwa wao. Barua ilikuwa moja na ombi lilikuwa moja, lakini mambo yalikuwa mawili.

Tulimwita mkuu, mtu mwenye bidii na asiye na hila, tukamwuliza kwa nini alitaka kijana yule aondoke. Akajibu, "Nikimbakiza, watu watasema sichukui hatua." Mjumbe mmoja mzee, ambaye siku zote alisema kidogo, akamwambia kwa upole, "Mwalimu, hilo ni jibu la watu. Jibu la mabao liko wapi?" Chumba kikanyamaza. Kwa maoni yangu hakuna lililosemwa katika kikao kile lililozidi swali hilo. Kijana alibaki, msaidizi wa makipa aliagwa, akalipwa haki yake, na mkuu akabadili mpango wa ulinzi. Mechi iliyofuata tulifungwa bao 1, na baada ya hapo tukatoka sare. Sidai kwamba haki huleta vikombe. Nadai kwamba tulijua tulichobadilisha na sababu ya kukibadilisha, na timu ijuayo hilo inaweza kujifunza hata inaposhindwa.

Msomaji asidhani kuwa natetea kila msaidizi. Huruma isiyo na macho nayo ni dhuluma. Mwalimu anayemwacha msaidizi mvivu au asiyejua kazi, kwa sababu ni rafiki au ni jamaa, huwaibia vijana 30 miaka yao michache ya kucheza. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka 3 au 4. Msimu mmoja uliopotea hauna fidia. Kwa hiyo yako mambo ambayo yakidhihirika kiti hakina budi kubadilishwa: msaidizi asiyefika kazini, msaidizi aliyefundishwa, akasaidiwa, akapewa muda, na bado wachezaji wake hawasongi mbele, msaidizi anayewaambia wachezaji faraghani kinyume cha yale aliyokubaliana na mkuu, na msaidizi anayemdhalilisha mchezaji. Kwa hilo la mwisho hata ushindi si utetezi. Nje ya hayo, mkuu aanze kwa kuchunguza amri zake mwenyewe.

Klabu kubwa hazitufundishi vizuri katika hili. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5 kwa 1. Siku chache baadaye klabu iliagana na mwalimu mkuu Roberto Oliveira, na pamoja naye mwalimu wa viungo, Corneille Hategekimana. Labda uongozi ulikuwa na sababu zake. Sikuwa katika chumba chao. Lakini viti viwili vikiachwa wazi kwa pigo moja, mtazamaji hawezi kutambua kama kosa lilikuwa la mipango au la pumzi. Adhabu ya pamoja hutuliza hasira, ila haifundishi. Klabu kubwa ina fedha za kununua walimu wengine kesho, chuo hakina. Chuo kina kitu kimoja tu cha kuizidi klabu, nacho ni kwamba kimejengwa kwa ajili ya kufundisha. Kikiacha hata hilo, kimebaki na nini?

Tena, mtu aliye kivulini hapimwi sawasawa mpaka asimame juani. Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, Tanzania ilifungwa na Moroko mabao 3 kwa 0, na mwalimu mkuu Adel Amrouche akasimamishwa. Timu ikaangukia mikononi mwa msaidizi wake, Hemed Suleiman, ajulikanaye kwa jina la Morocco. Ikatoka sare na Zambia bao 1 kwa 1, na sare na Kongo bila mabao. Tarehe 19 Novemba 2024, chini yake, ikaifunga Guinea bao 1 kwa 0 mjini Dar es Salaam, ikafuzu kwa fainali za 2025. Kama baada ya mabao yale matatu lawama ingewafagia wote waliokuwa katika benchi, mtu huyo angeondoka na kapu la taka. Mfano mmoja hauthibitishi kuwa kila msaidizi ni lulu, ila unatosha kuonyesha kwamba jina la timu iliyoshindwa si kipimo cha kila mtu aliyekuwamo.

Limebaki jambo la namna. Msaidizi anayestahili kuondoka aambiwe na mkuu mwenyewe, uso kwa uso, kabla wachezaji na mtaa hawajajua. Aelezwe alichokosa kwa maneno yanayoweza kupimwa, si kwa neno "matokeo", ambalo ni mali ya wote. Na mkuu akiulizwa hadharani, aseme, "Nilimchagua mimi, na nimemwondoa mimi." Sentensi hiyo ni chungu kutamka, lakini humlinda aliyeondoka, na humfundisha aliyebaki kwamba kesho hatatupwa ili mwingine apone. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkuu asiyeweza kuustahimili mkuki wa maswali asiurushe kwa mwenzake.

Wachimbaji wadogo wa Geita huchimba maduara kwa mikono, wakiuandama mwamba wenye dhahabu chini ya ardhi. Duara likichimbwa mbali na mwamba, mwenye nalo aweza kuwafukuza wachimbaji wa leo na kuwaleta wa kesho, akawafukuza na hao pia. Watakachopandisha kwa kamba ni kifusi tu. Na lipo duara lililo juu ya mwamba hasa, ila mchimbaji wake hulala. Macho ya mpita njia huona maduara hayo mawili kuwa sawa: yote hayatoi kitu. Kuyatenganisha ni kazi ya yule aliyeonyesha mahali pa kuchimba, na hawezi kuifanya akiwa juu. Hana budi kushika kamba, ashuke, akatazame mwenyewe.