Mawe ya Aksum
Neno stela latoka kwa Wayunani: ni jiwe lililosimamishwa wima kuwa ukumbusho, na mara nyingi limeandikwa. Tukifika Aksum, katika Ethiopia, twaona stela moja yenye urefu wa mita 24 hivi. Waitalia waliipeleka Roma mwaka 1937. Ilirudi 2005, ikasimamishwa tena 2008. Imechongwa milango na madirisha, lakini haituambii jina la mwenyewe. Mjini humo mna jiwe jingine, fupi sana, la mfalme Ezana wa karne ya 4. Hilo limeandikwa Kigeezi na Kiyunani. Hata leo twasoma habari za vita vyake na Wabeja. Basi, wanafunzi, majina ya wazee wenu yameandikwa wapi?