Mwalimu, Unisomee Chenye Mutoto Wangu Aliandika

Kama uko na mtoto katika masomo ya msingi, chukua leo jioni kaye yake ya insha, ile wengine tunaita redaksio. Soma ukurasa mmoja. Kisha omba kaye ya mtoto wa jirani, usome nayo. Nakuambia mbele ya wakati: mara nyingi utakuta maneno ni yale yale, na hata makosa ni yale yale. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu aliandika mfano kwenye ubao, nao wakanakili.

Mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Nimefundisha kalasi ya tano miaka mingi hapa Ntoto, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale. Mwaka mmoja niliandika kwenye ubao insha yenye kichwa "Safari yangu ya baharini". Watoto zaidi ya hamsini wakaandika kwamba walipanda ndege, wakaona mawimbi, wakala samaki wa bahari. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepanda ndege. Bahari mimi mwenyewe sijaiona mpaka leo. Lakini hapakuwa na makosa mengi ya herufi, basi nikawapa wote alama nzuri, nikaenda nyumbani na roho safi, nikifikiri nimefundisha.

Juma lililofuata nikawapa kichwa kingine: "Siku ya furaha". Siku ile nilikuwa nimechoka, sikuandika mfano. Wengi waliandika tena juu ya ndege. Kijana mmoja tu aliandika kitu kingine.

Aliandika juu ya mama yake. Mama huyo anabeba mizigo ya kasiterite kutoka kwenye karyeri mpaka njia ya magari. Aliandika namna anavyoamka kabla ya jogoo, namna anavyoweka kitambaa chini ya kamba ili isimkate paji la uso. Aliandika kwamba siku moja mizani ilitaja kilo chache kuliko zile alizobeba, mama akanyamaza. Usiku akasema, "Mimi sina njaa," ili watoto washibe. Na siku nyingi alisema vile. Mwishoni kijana akaandika: siku ya furaha ni siku mama alisema, "Leo nasikia njaa," akaketi, akala pamoja nasi.

Msomaji, nilimpa zero. Nikaandika kwa biki nyekundu: "Umetoka inje ya mada." Tena nusu ya maneno ilikuwa Kiswahili, na mimi nilitaka Kifaransa tupu. Majuma matatu nyuma yake kiti chake kilikuwa wazi. Wenzake wakaniambia: "Mwalimu, alikwenda kwa mashimo."

Siwezi kusema alikwenda kwa sababu ya zero yangu. Njaa ilikuwapo, na feza ya koltani na kasiterite imevuta watoto wengi tangu bei ya koltani ilipopanda sana mwaka 2000. Lakini siwezi kusema pia kwamba zero ile haikumsukuma.

Mama mbele ya mlango

Mwisho wa mwaka wa masomo mama yake alikuja. Alisimama mlangoni, kaye mkononi, imefungwa ndani ya kitenge ili isilowe na mvua.

"Mwalimu, samahani. Mimi sikusoma. Unisomee chenye mutoto wangu aliandika. Nasikia hamu ya kumusikia."

Nikafungua. Nikakuta ukurasa ule. Nikaanza kusoma, na kila mstari sauti yangu ilizidi kushuka. Alisikiliza bila kusogea. Nilipofika pale pa "Leo nasikia njaa", alifunika kinywa kwa mkono.

"Alijua?" akauliza. "Alijua kama nilikuwa nadanganya?"

"Alijua, Mama."

Akakaa kimya. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa. "Na hii nyekundu, Mwalimu, inasema nini?"

Ndugu msomaji, nimekutana na mengi katika nchi hii yetu. Lakini swali gumu kuliko hilo sijaulizwa. Nikamwambia ukweli: "Inasema zero, Mama. Ni mimi niliandika. Nilikosea mimi, mtoto hakukosa."

Hakunitukana. Alisema tu: "Basi uifute."

Kwa nini tunawaandikisha watoto

Tangu siku ile nimejiuliza: mtoto anapata nini akiandika habari yake mwenyewe kwa maneno yake mwenyewe? Nitakupa mambo manne niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, anajifunza kupanga mawazo. Mtoto anayenakili hafikiri, mkono wake unatembea peke yake. Lakini mtoto anayeandika namna mbuzi wao alivyopotea anapaswa kuchagua: nianze wapi? Nini kilileta nini? Nani alisema nini? Kazi hiyo ya akili ndiyo atakayoihitaji katika hesabu, katika mtihani wa mwisho wa kalasi ya sita, na siku atakaposimama mbele ya mkutano wa kijiji kueleza shamba lake linaishia wapi.

Pili, anajifunza kuangalia. Kijana wangu aliona kitambaa chini ya kamba. Mimi nilikutana na akina mama wale kila siku njiani, na sikuwa nimekiona.

Tatu, anapenda kusoma. Vitabu kwetu ni haba. Lakini watoto wakiandika, kalasi inapata vitabu vyake. Yule aliyekuwa akisoma kwa kusitasita husoma bila kuchoka hadithi ya mwenzake anayeketi karibu naye.

Ine, anapata silaha ya amani. Mtu anayeweza kuandika "tarehe fulani nilibeba kilo kadhaa, nikalipwa kadhaa" hadanganywi kwa urahisi kwenye mizani. Katika sehemu zetu za madini, kaye na biki vinamlinda mtu kama vile kofia ya chuma inavyolinda kichwa ndani ya shimo.

Hadithi si kitu kigeni kwetu

Baba mmoja aliniambia: "Mwalimu, mambo ya kutunga ni ya wazungu. Mufundishe Kifaransa na hesabu, inatosha." Nikamkumbusha habari ya nyumbani kwetu.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, katika nchi ya Banyanga, msimulizi aliyeitwa She-Karisi Rureke alisimulia habari za shujaa Mwindo. Aliimba, akacheza, akasimulia kwa siku kumi na mbili. Yeye mwenyewe alisema kwamba mbele ya pale hakuwa amewahi kuisimulia yote kwa mfululizo. Daniel Biebuyck, mtaalamu kutoka Ubelgiji, alikuwapo pamoja na wasaidizi waliokuwa wakiandika. Kahombo Mateene, Munyanga mwenyewe, alishirikiana na Biebuyck kuitayarisha iwe kitabu. Habari hiyo ilitoka kitabu mwaka 1969 huko Marekani, na majina ya Biebuyck na Mateene yako pamoja juu yake. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu ngambo ya bahari wanamsoma Mwindo wetu.

Na Mwindo ni nani? Ni mtoto aliyekataliwa na baba yake, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, lakini mwishowe baba na mtoto wanapatana. Nikamuuliza yule baba: "Kama hakuna aliyeandika siku zile, na Rureke akafa, wajukuu wako wangemjua Mwindo wapi?" Akacheka. "Kweli, Mwalimu. Nyumbani kwetu moto wa jioni ulizimika. Watoto wako na simu."

Wazungu nao walipaswa kujifunza jambo hili. Katika miaka ya 1920, katika kijiji cha Bar-sur-Loup huko Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet alikuwa amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na mapafu yaliyojeruhiwa. Hakuweza kusema kwa muda mrefu mbele ya kalasi. Akatafuta njia nyingine: aliwatoa watoto inje, wakaangalia, wakaandika waliyoyaona, kisha wakayachapa wenyewe kwa mashini ndogo ya uchapaji na kuyatuma kwa watoto wa masomo mengine. Freinet alikuwa mwalimu wa kijiji kama mimi, na kifua chake kilikuwa kibovu kuliko changu.

Vitu vizito

Sasa nije kwenye neno gumu. Watoto wetu wamebeba vitu vizito. Munajua namna soko letu la Ntoto lilivyoshambuliwa mwezi wa tatu 1993, na namna vita vilivyoenea Masisi na Walikale. Tangu siku zile, wazazi na watoto wamekimbia mara ngapi? Nani anahesabu?

Wataalamu wamejifunza juu ya maandishi na moyo. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike siku nne, dakika kumi na tano kila siku. Wale walioandika maumivu yao pamoja na namna walivyoyasikia moyoni, katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wengine. Lakini uangalie vizuri: wale walikuwa watu wazima, na walikuwa mahali pa amani. Mtoto usimlazimishe hata siku moja kuandika habari ya vita. Mlango uwe wazi, aingie mwenyewe akitaka. Akiingia, usome kwa upole, usitangaze siri yake mbele ya wenzake. Ukiona hali usingizi wala hachezi tena, umtafutie mtu mwenye ujuzi katika zahanati ao katika parokia. Biki inasaidia, haiponyi kila kitu.

Basi tufanye nini?

Najua walimu wenzangu watasema: "Tangu 2019 serikali ilipotangaza masomo ya msingi ni ya bure, kalasi zimejaa. Tutasahihisha kaye sabini namna gani?" Ni kweli. Nitasema tu namna ninavyofanya mimi.

Siku ya tano ya juma ninatoa nusu saa. Siandiki mfano kwenye ubao. Ninatoa neno moja: mvua, soko, bibi, woga. Kila mmoja anaandika anachotaka. Asiye na kaye anaandika kwenye kibao ao nyuma ya karatasi iliyotumika. Anayetaka anasoma kwa sauti, na wenzake wanasema kwanza walichopenda. Juma moja nasahihisha kundi moja, juma lingine kundi lingine. Sitii alama. Makosa matatu ao mane naonyesha pembeni, yanatosha.

Na luga? Ninawaruhusu waanze kwa Kiswahili. Kiswahili ni mojawapo ya luga nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, na sheria ya elimu ya 2014 inakubali luga za taifa na za mahali kuwa luga za kufundishia. Mtoto akiisha kujua anachotaka kusema, Kifaransa kitafuata. Asiyekuwa na la kusema, hata Kifaransa kizuri hakitamsaidia.

Nawe mzazi, hata kama hukusoma, uko na kazi. Jioni umwambie mtoto: "Unisomee chenye uliandika leo." Uzime redio, uweke simu chini, usikilize mpaka mwisho. Usimcheke. Umsimulie nawe habari ya babu yake, aiandike. Kaye inapomalizika usifungie nayo karanga.

Nawe kijana unayesoma gazeti hili chini ya taa huko karyeri: kama uko na biki, anza. Andika jina la mto uliovuka na jina la rafiki uliyechimba naye. Mistari mitano inatosha kwa leo.

Mutaniuliza, yule kijana je? Nilifanya kama mama yake alivyosema. Zero haikufutika vizuri, wino mwekundu ni mkaidi, basi nikaweka mstari juu yake, na chini nikaandika: "Nilisoma vibaya. Rudi. Ni mimi Mwalimu." Mama akapeleka kaye yeye mwenyewe, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Hakurudi upesi. Miezi ikapita. Lakini mwaka uliofuata, juma la pili la mwezi wa kenda, nilikuta mtu mrefu ameketi kwenye kiti cha nyuma, mikono imejaa makovu.

Sikumuuliza kitu. Siku ya tano ilipofika nikatoa neno: "njia". Aliandika mpaka kengele ikalia, naye alikuwa hajamaliza. Akaniomba karatasi nyingine.