Kaseti Iliyokwama Garini

Katika mji wa Kilindoni, kisiwani Mafia, lipo gari moja dogo aina ya Toyota Corolla, la katikati ya miaka ya 1990, ambalo kwa muda mrefu halikuwa na sauti ila moja. Si kwamba lilikosa redio. Redio lilikuwa nayo, tena ya kiwandani, yenye mlango wa kaseti na vitufe vyeusi ambavyo maandishi yake yalikwisha futika kwa kubonyezwa. Lakini redio ile ilizaliwa Japani, na huko mawimbi ya FM yalipangiwa nafasi yake tangu megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Tanzania zimetawanyika baina ya 87.5 na 108. Gari lilipovuka bahari likaja na usukani wa kulia, unaokubaliana na barabara za huku, na likaja na masikio ya kwao. Takriban kila kilichotangazwa kilipita juu ya kichwa chake, kama ndege wapitao juu ya mnazi wasitue.

Wenye magari ya namna hii aghalabu huongezea kidude kidogo cha kuyashusha mawimbi hadi pale redio inapoweza kuyasikia. Mwenye gari hili hakuona haja. Alikuwa mwalimu mstaafu na malenga, mmoja katika wale waliotunga kwa miaka mingi wakapeleka tungo zao magazetini Dar es Salaam, na nyingine wakazighani arusini na kwenye hitima. Naye alikuwa na kaseti moja ya dakika 60 aliyojirekodi mwenyewe usiku, sebuleni kwake, mashairi ya tarbia upande wa kwanza na upande wa pili. Kaseti hiyo ndiyo iliyokuwa stesheni ya gari. Aliyepanda Kilindoni kwenda Utende, mwendo wa kilomita zipatazo 15 katikati ya minazi na mikorosho, alisikiliza tungo za dereva zikisomwa na dereva, na dereva mwenyewe kanyamaza.

Mwalimu alipofariki, gari lilimwangukia mwanawe. Kwa miezi michache kijana huyo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, aliendelea kuicheza kaseti ile. Halafu siku moja ya jua kali, gari likiwa limeegeshwa karibu na uwanja wa ndege, redio ikaula mkanda. Sauti ilijivuta, ikanenepa, ikazama, ikanyamaza. Kaseti haikucheza tena wala haikukubali kutoka. Gari likawa bubu.

Ububu huo usingekuwa na madhara makubwa lau gari lingekuwa la kutembelea tu. Lakini gari lile ndilo riziki ya nyumba. Huwachukua wasafiri kutoka uwanjani na bandarini, likawapeleka Utende, wanakopanda mashua kwenda Chole, Juani na Jibondo. Na wasafiri wa zama hizi hupanda gari na muziki wao mkononi. Swali lilikuwa lilelile kila safari: “Kaka, humu hamna Bluetooth?” Akijibu kuwa hamna, kijana wa kiti cha nyuma huwasha simu yake, nayo ikalia kwa sauti nyembamba ya nyenje ndani ya kopo. Mwenye gari akaona haya. Akaagiza redio mpya kutoka Kariakoo, ikaja kwa boti ya Nyamisati ndani ya boksi lisilozidi tofali.

Siku aliyolileta boksi nyumbani, mama yake alikuwa barazani akichambua mchele.

“Hiyo mpya itakaa wapi?” aliuliza.

“Pahala pa ile ya zamani, mama. Nafasi ni moja.”

“Na baba yako atakwenda wapi?”

Mwana hakuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa amelitamka jambo hilo, lakini wote wawili walilijua: hapakuwa na nakala nyingine. Daftari za mashairi zipo, zimefungwa kwa kamba sandukuni, na mashairi yamo. Sauti haimo. Jinsi marehemu alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kituo, jinsi alivyolikaza neno la kina mpaka likagota, hayo hayakuandikwa popote ila katika utepe wa rangi ya udongo uliokwama ndani ya dashibodi.

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na aghalabu methali hii husemwa kwa kuwacheka wapenda mapya. Lakini pwani hii haijapata kuvikimbia vyombo vipya vya sauti. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928, akaimba, na sauti yake ikarudi Unguja ndani ya santuri kabla ya wengi kudhani jambo hilo lawezekana kwa Kiswahili. Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilipofika huku ilishika pahala ambapo santuri haikufika, kwani santuri ilitaka kampuni na mitambo, bali kaseti ilitaka mtu mmoja, chombo kimoja na usiku mtulivu. Taarabu, kasida, mawaidha, salamu kwa jamaa walioko mbali, na malenga asiyejulikana nje ya kitongoji chake, wote walipata mlango. Kwa hivyo aliyeililia kaseti mbele ya redio mpya alikuwa analilia kilichokuwa kipya jana. Tatizo halikuwa upya wa chombo. Tatizo lilikuwa kwamba kila chombo kipya huja na mlango wake, na kilichomo ndani ya chombo cha kale hakihami peke yake. Hakina miguu. Sharti pawepo mtu wa kukibeba.

Hiyo Bluetooth yenyewe ina jina la kale kuliko wanavyodhani waiombao. Kazi yake ilianzia Sweden, kwa wahandisi wa Ericsson, mnamo 1994, na jina likatokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Buluu na akasifika kwa kuwaunganisha watu wake. Alama yake, ile inayofanana na herufi B yenye mikia, ni herufi mbili za kale za huko kaskazini, za mwanzo wa jina la mfalme na lakabu yake, zilizobebanishwa. Ni redio ndogo mno: hutuma mawimbi ya gigahezi 2.4 kwa umbali unaokadiriwa mita 10 katika vyombo vya kawaida, na huigeuza sauti kuwa tarakimu, ikazipakia, ikazituma, zikafumuliwa upande wa pili. Kabla ya hapo simu na redio hupaswa kujuana, moja ibishe hodi na nyingine iitikie. Zikishakubaliana mara moja, siku nyingine hukumbukana zenyewe.

Fundi aliyepelekewa gari ni kijana wa makamo ya wanafunzi wa marehemu, mwenye kibanda chini ya mwembe. Alisikiliza habari yote kwanza, kisha akaeleza njia tatu. Ya kwanza ni kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kinachopokea sauti ya simu na kuirusha kwa FM. Kidude hicho kingefaa hata kwa redio ile ya Kijapani, maadamu kitegwe baina ya 87.5 na 90, lakini sauti yake hukwaruza. Ya pili ni kaseti ya bandia yenye Bluetooth ndani yake, ya kutiwa katika mlango uleule wa zamani. Hiyo ingekuwa njia ya adabu kuliko zote, lau mlango usingekuwa umezibwa na marehemu. Ya tatu ni kung’oa na kubadili.

“Basi, mzee,” alisema, “lolote utakalochagua, kwanza tumtoe mwalimu.”

Alikata umeme wa betri, akabandua fremu ya plastiki kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, akaitoa redio na kuilaza juu ya meza. Gurudumu dogo la mpira, linaloubana mkanda na kuuvuta, lilikuwa limelainika kwa joto la miaka mpaka likanata, na mkanda ulikuwa umelizunguka mara nyingi. Aliufungua mzunguko mmoja baada ya mwingine kwa koleo dogo, bila kukata. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima. Kaseti ilipotoka, kitanzi kirefu cha utepe kilining’inia nje kama utumbo wa samaki, na fundi hakujua akirudishe vipi. Ndipo mwenye gari alipotoa kalamu mfukoni, akaitia katika tundu lenye meno na kuanza kuzungusha. Kijana alicheka kwa kustaajabu. Hajapata kuliona jambo hilo.

Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita 4, na hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa takriban mita 90. Katika urefu wote huo palikuwa na pahala pamoja tu palipokunjika vibaya, pa sentimita zipatazo 20. Fundi alipanyoosha kwa ukucha, polepole, juu ya kioo. Kwa hesabu ya mwendo ule, sentimita 20 ni sekunde nne na kitu. Kwa kipimo cha malenga, sekunde nne za kughani zatosha kipande kimoja cha mizani nane.

Gurudumu lilisafishwa kwa pamba na spiriti, na redio ya zamani ikarejeshwa garini kwa usiku mmoja tu. Baada ya sala ya isha, gari likiwa uani na vioo vimepandishwa, watu watatu walikaa ndani: mwana kwenye usukani, mama kando yake, na fundi nyuma, ameishika simu karibu na spika kwa mikono miwili kana kwamba imejaa maji. Kaseti ikachezwa upande wa kwanza, ikageuzwa, ikachezwa upande wa pili. Hakuna aliyekohoa. Joto lilikuwa kubwa. Katika rekodi hiyo, msikilizaji makini ataisikia pikipiki ikipita barabarani katikati ya shairi la tatu, na kuelekea mwisho, mbali kabisa, atamsikia mtoto wa jirani akilia. Rekodi ile basi ina nyakati mbili: usiku wa sebuleni alipoghani mwalimu, na usiku wa uani aliposikilizwa.

Asubuhi yake redio mpya ilifungwa. Redio za magari zina kipimo kimoja kinachotambulika karibu dunia nzima, upana wa sentimita 18 na kimo cha sentimita 5, kwa hivyo tundu la kale halikugoma. Nyaya ndizo zilizotaka subira. Katika redio za madukani, waya mweusi ni wa bodi, mwekundu huamka pale ufunguo unapozungushwa, na wa njano hupata umeme wa betri usiku na mchana. Rangi za nyaya za Toyota ni nyingine, hivyo fundi alizipima moja moja kwa testa kabla ya kuziunga.

“Huu wa njano ndio wenyewe,” alieleza. “Ukiungwa na umeme wa ufunguo, redio itacheza vizuri tu. Ila kila ukizima gari inasahau. Saa inasahau, simu yako inaisahau, kila siku inaanza upya kama mtoto.”

Mwenye gari aliutazama waya ule. Ndio unaokumbuka gari likiwa limezimwa.

Redio ya zamani haikutupwa. Mama aliifunga katika kanga, pamoja na kaseti, akaiweka sandukuni juu ya zile daftari. Rekodi ilitumwa kwa dada mtu Dar es Salaam, na nakala nyingine ikawekwa katika kadi ndogo kuliko ukucha, kwani lililohifadhiwa katika simu moja limeponea tundu la sindano.

Siku ya Ijumaa walikwenda Utende, mama akavuke kwenda Chole kuwapa mkono wafiwa. Safari hii gari lilikuwa na sauti mbili. Vijana wawili waliopanda njiani waliomba kuunganisha simu yao, wakaunganisha, wakacheza muziki wao mpaka waliposhuka. Mlango ulipofungwa, mwenye gari alirudisha simu yake, na mwalimu akaanza.

Alighani vizuri. Spika zilikuwa zilezile za kale na sauti ilikuwa ileile. Lakini katika shairi la pili, ubeti wa nne, mahali pale palipokunjika palifika. Ukwapi ulisikika wote. Utao ukazama, kama mpiga mbizi, sekunde nne, kisha sauti ikaibuka katika mshororo unaofuata. Na katika sekunde hizo nne mama, bila kugeuza uso kutoka dirishani, alikisema kile kipande cha mizani nane kwa sauti yake mwenyewe, kwa mahadhi ya mumewe, akanyamaza pale mumewe aliporejea.

Mwana alingoja shairi lishe. Kisha akamwambia kwamba fundi anayo programu katika kompyuta. Angeweza kumrekodi akisema maneno yale, akayatia pale palipozama, na shairi likatimia.

“Usinitilie,” alijibu mama. “Kwa miaka arubaini baba yako alikuwa akighani, mimi nasikiliza. Hapo ameniachia pangu.”

Mbele yao maji ya ghuba ya Chole yalikuwa yakijaa, na mashua ilikwisha tweka tanga. Mwana alizima gari. Redio ikanyamaza, na saa yake ndogo ya kijani ikazimika machoni, huku ndani ikiendelea kuhesabu.