Bomba la Godoro la Mama

Baadhi yenu watacheka wakiona tumeshika kalamu ili kuandika habari za bomba la kutia upepo godoroni. Na wacheke tu. Hata sisi tulicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu hatukucheka tena.

Sisi tu ndugu wawili, wana wa mama mmoja, wenyeji wa Kalemie, mji ule ulio kando ya ziwa Tanganyika. Mmoja wetu ni fundi wa baiskeli, mwingine ni seremala. Mwaka 2019 mama yetu alianguka mlangoni pa jikoni, na tangu saa ile upande wake wa kuume haukumtii tena. Alisema kwa shida, alikula kwa mkono wa kushoto, na kutwa kucha alilala chali. Baada ya majuma matatu ngozi ya chini ya mgongo ilianza kuwa nyekundu, halafu ikachubuka. Sista wa zahanati alipokuja kumtazama alituita nje, akatuambia bila kuzungusha maneno:

"Kidonda hiki hakitoki katika damu. Kinatoka katika kitanda. Uzito wa mwili unaibana ngozi juu ya mfupa, damu haipiti, nyama inakufa. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Na mkiweza kupata godoro la upepo, mlazeni juu yake. Lakini godoro halitamgeuza; kumgeuza ni kazi yenu."

Binamu yetu aliye Lubumbashi alinunua godoro la namna hiyo, akalituma kwa gari moshi. Lilipofika tuliona kwamba pamoja nalo kulikuwa na bomba dogo la umeme. Tulishukuru sana. Lakini umeme ulikuja usiku mmoja, ukakosa usiku mitatu, na kidonda hakingoji umeme.

Basi, tulipuliza kwa mdomo. Yafaa tuseme kweli: mpulizaji wa kwanza alifika pumzi ya thelathini, akaona nyota, akakaa chini. Mtu apulizaye kwa nguvu na kwa haraka huitoa mno ile hewa chafu ambayo damu hata hivyo yaihitaji kiasi, ndipo kichwa huzunguka. Tena pumzi ya mtu ina maji. Nayo hukaa ndani ya godoro na kuleta uvundo. Tukaacha.

Fundi wa baiskeli akacheka, akaleta bomba lake. (Wengi kwetu husema pompi, ni kitu kile kile.) Alipiga, alipiga, jasho likamtoka, na godoro lililala pale kama samaki aliyekufa. Kisha seremala akashika zamu. Kabla ya godoro kujaa mikono ya wote wawili ilikuwa ikitetemeka.

Ndipo tulipokaa na kuhesabu, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kwanza. Godoro lina urefu wa sentimeta 190, upana wa sentimeta 80 na unene wa sentimeta 14. Zidisha: yapata lita 210 za upepo. Bomba la baiskeli lina upana wa ndani wa sentimeta 3, na pistoni husafiri sentimeta 40: kila pigo hutoa robo lita na kidogo tu. Kwa hiyo sharti kupiga mara 750, hata kama hakuna upepo unaopotea njiani. Na sisi tulipoteza mwingi, maana mdomo wa bomba haukukaa sawa katika tundu la godoro.

Lakini upepo wa godoro una nguvu kiasi gani? Tulichukua mrija wa plastiki unaoonyesha maji, tukaukunja kama herufi U, tukatia maji, na upande mmoja tukauunga na godoro mama akiwa amelala juu yake. Maji ya upande wa pili yalipanda, na tofauti ya pande mbili ilikuwa sentimeta 20 tu. Tulistaajabu. Upepo wa gurudumu la baiskeli lililojaa vema ungeinua maji mita 30, yaani kupita minazi. Kumbe tulikuwa tukitumia chombo kilichofanywa kwa nguvu nyingi na upepo kidogo, nasi tulihitaji upepo mwingi na nguvu kidogo. Ni kama mtu achotaye maji ya kuoga kwa kijiko kwa sababu kijiko chake ni cha chuma kigumu.

Tulifanya bomba la pili kwa mrija mnene wa plastiki, ule wa kupitishia maji machafu, wenye upana wa ndani wa sentimeta kumi na nusu. Pistoni ilikuwa kisahani cha mti chenye ngozi ya mbuzi pembeni. Kila pigo lilitoa lita tatu na zaidi. Mtu akiuliza, "Je, bomba nene si gumu kusukuma?" atakuwa ameuliza vizuri. Kwa gurudumu la baiskeli lingekuwa gumu kabisa: mngehitaji uzito wa kilo 260 hivi juu ya mpini, watu wanne wamesimama! Lakini kwa upepo wa godoro uzito wa kilo mbili watosha, na kilo nyingine za kushinda msuguano wa ngozi. Mapigo 70, godoro likajaa. Tulijisifu mbele ya majirani.

Hatukujisifu siku nyingi. Kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe: fundi wa baiskeli alilijaza godoro kama ajazavyo gurudumu, mpaka likalia kama ngoma ukilipiga kofi. Mama alilala juu yake usiku mmoja. Asubuhi alitutazama, akatafuta maneno kwa muda mrefu, akasema: "Wanangu, mmenilaza juu ya mbao." Kisigino chake kilikuwa chekundu. Sista alitufundisha kipimo ambacho hakitaki mrija wala maji: ingiza kiganja kati ya godoro na kitanda, chini ya makalio ya mgonjwa. Ukiusikia mwili wake juu ya kiganja, upepo ni haba. Ukiona godoro halibonyei kabisa chini yake, upepo umezidi, punguza. Kati ya kiganja na mwili pabaki upepo wa unene wa vidole viwili hivi.

Kosa la pili lilituumiza zaidi. Godoro lolote huvuja kidogo kidogo, na usiku wa baridi upepo wa ndani hujikunja. Kwa hiyo kila usiku ilibidi kuongeza. Aliyelala chumbani mwa mama ni mtoto wa dada yetu, msichana wa miaka 11, naye alikuwa mwaminifu katika kazi hiyo. Lakini bomba letu liliwafaa wanaume wawili wenye mikono mirefu. Mtoto alilibana kwa magoti, akavuta kwa mikono miwili, na ile ngozi ya mbuzi juu ya plastiki ililia kama nguruwe. Mama alishtuka kila mara. Basi mtoto alianza kumhurumia nkambo wake asimwamshe, akaacha kutia upepo, wala hakutuambia. Asubuhi moja tulimkuta mama amelala juu ya mbao za kitanda, godoro limelegea chini yake, na kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga kimefunguka tena. Hatukumgombeza mtoto. Nani angemgombeza? Tulikuwa tumepima godoro, tumepima upepo, hatukumpima yule atakayepiga bomba usiku wa manane.

Jioni ile tulikwenda kwa mhunzi mzee anayetengeneza majembe nje ya mji, tukitaka mafuta ya mnyama kwa ajili ya ngozi yetu. Tulimkuta kazini. Mbele yake palikuwa na mivukuto yake: vyungu viwili vilivyochongwa katika gogo moja, kila kimoja kimefunikwa kwa ngozi iliyolegea na kuwa na kijiti katikati. Mjukuu wake aliinua na kushusha vijiti kwa zamu, mkono huu na mkono huu, na upepo ulikwenda motoni bila kukoma. Mtoto yule alikuwa mdogo kuliko wetu, naye aliimba.

Tulitazamana kama wapumbavu. Upepo mwingi, nguvu kidogo, kazi ya mtoto! Chombo hicho kilikuwapo katika nchi hii kabla ya babu zetu. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa mkuu wa misioni ya Katanga, aliandika juu ya wayeyusha shaba wa zamani, wale walioitwa "wala shaba". Na bila mivukuto hakuna shaba hata moja ingalitoka katika jiwe. Tulimweleza mzee shida yetu. Alicheka, kisha akatuonya: "Mvukuto wangu hautafaa godoro, wana wangu. Huu wangu hauna mlango. Tazameni."

Tuliinama tukatazama. Midomo ya mivukuto haikushikana na bomba la udongo liingialo motoni. Palikuwa na nafasi. Ngozi inaposhuka, upepo huruka nafasi ile na kuingia motoni. Ngozi inapopanda, hewa mpya huingia kwa nafasi ile ile. Kwa moto ni akili nzuri. Lakini ukiufunga mdomo katika godoro, kila upepo uliotia utaunyonya tena. Ilitubidi kuongeza vilango viwili: kimoja cha kuingizia, kimoja cha kutolea, na visifunguke kamwe kwa wakati mmoja.

Bomba la tatu basi ni mvukuto wa kukanyaga kwa mguu. Mbao mbili, kila moja sentimeta 30 kwa 20, zimeungwa upande mmoja kwa bawaba za ngozi. Upande wa pili hufunguka sentimeta 15. Kando zote zimezungushiwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori, umegundishwa na kupigiliwa misumari midogo yenye vichwa vipana juu ya ukanda wa ngozi, usipasuke. Katikati tulitia resori ya kiti cha zamani, ili ubao wa juu uinuke wenyewe mguu ukiondoka. Ubao wa chini una tundu la sentimeta 3, na kwa ndani limefunikwa kwa kipande cha mpira kilichopigiliwa upande mmoja tu: hicho ndicho kilango cha kuingizia. Cha kutolea kiko mwanzo wa mrija uendao godoroni, nacho hufunguka kwa nje. Mdomo wa mrija seremala aliuchonga kwa mti, mwembamba mbele na mnene nyuma, akauzungushia mpira, uingie katika tundu la godoro na kushika.

Tukisema juu ya mpira, mikono yetu ilisita kidogo tulipokuwa tukiukata. Katika miaka ya 1880, huko Belfast, Dunlop alifanya gurudumu la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na tangu hapo ulimwengu ulitaka mpira mwingi mno. Katika misitu ya nchi yetu watu waliteswa na kuuawa kwa ajili yake, mpaka serikali ya Leopold II ilipokoma mwaka 1908. Mpira wa ndani wa siku hizi hutoka zaidi katika petroli kuliko katika utomvu. Hata hivyo.

Jaribio la kwanza lilishindwa: mvukuto haukuvuta upepo hata chembe. Tulipaka maji ya sabuni kila mahali, hatukuona povu. Mwishowe mtoto mwenyewe alisema, "Wajomba, tundu limelala juu ya sakafu." Ni kweli. Tulikuwa tumeliziba kwa saruji ya nyumba! Tuliuwekea ubao wa chini miguu minne ya mti, ukapumua.

Kwa kila kukanyaga hutoa lita tatu hivi, maana mikunjo ya mpira huchukua sehemu yake. Mguu wa mtoto watosha, kwa sababu unakanyaga ukingoni, mbali na bawaba. Kuongeza upepo wa usiku mmoja ni makanyagio kumi au kumi na tano, naye huketi ukingoni mwa kitanda, gizani, mkono mmoja chini ya godoro akipima. Husikii ila pumzi.

Tulifanya ujinga mmoja tena. Fundi wa baiskeli, aliyezoea kutia oili kila kitu, alivitia oili ya motokari vilango vya mpira. Baada ya siku chache vilivimba, vikajikunja, upepo ukarudi nyuma. Ngozi hutaka mafuta, mpira huyachukia. Mpira hupakwa sabuni kidogo au unga wa watoto.

Kidonda cha mama kilifunga baada ya miezi minne. Si kwa godoro peke yake: sista alikisafisha, nasi tulimgeuza kila baada ya saa mbili kwa zamu, na usingizi wa miezi ile hatujaulipa hata leo. Alikaa nasi miaka miwili na nusu. Katika siku zake za mwisho alipenda kusikia mvukuto, akasema unapumua vizuri kuliko yeye.

Tangu alipofariki bomba halikai nyumbani. Limekwenda kwa mzee mmoja wa bandarini, kisha kwa kijana aliyevunjika mgongo. Juma lililopita lilirudi na resori iliyolegea na mguu mmoja umepotea. Seremala amechonga mguu mwingine, na fundi wa baiskeli ametafuta resori ya kiti cha lori. Ni ngumu zaidi kuliko ile ya kwanza. Tunangoja msichana wetu atoke shuleni aijaribu.