Kampala Ifikapo Tarehe 28

Msafiri atokaye Jinja kuingia Kampala kwa barabara kuu hupita Mukono, Seeta, Bweyogerere, Kireka na Banda kabla ya kuufikia mji wenyewe. Karibu na mwisho wa njia hiyo hukutana na kilima cha Kyambogo, mahali palipoelimisha walimu wa Uganda kwa miaka mingi. Mbele kidogo ni Nakawa, penye soko. Mitaa ya upande huu ni makazi ya walimu, makarani, wauguzi, askari na wafanyakazi wa viwandani. Atakayepita hapo katikati ya mwezi ataona mji uliotulia. Na apite tena tarehe 28, atadhani amefika mji mwingine.

Tarehe hiyo ndiyo kikomo ambacho serikali ya Uganda imejiwekea cha kuwalipa watumishi wake mishahara ya mwezi. Mbele ya mashine za benki watu hupanga foleni. Mawakala wa fedha za simu, waketio katika vibanda vidogo au chini ya miavuli, hawapati nafasi ya kuinua uso. Sokoni nyama hupimwa kwa kilo, na gunia zima la makaa hufungwa nyuma ya bodaboda likapelekwa nyumbani. Wiki mbili baadaye, katika nyumba ile ile, makaa hununuliwa kwa kopo, ingawa kila mama ajua kwamba makopo yanayotoka katika gunia moja humgharimu mnunuzi zaidi ya gunia lenyewe.

Kati ya gunia na kopo ndipo penye siri ya nyumba nyingi. Mshahara ni mdogo, hilo halina ubishi. Lakini aghalabu mshahara huo huo hudhoofishwa zaidi na tarehe.

Madai hayaji siku moja

Mshahara huingia mara moja, ilhali madai huja kila moja kwa siku yake. Mwenye nyumba hudai kodi kwa tarehe ambayo mpangaji aliingia chumbani, iwe ni tarehe 5 au 17. Ankara ya maji hufuata siku ambayo msomaji wa mita amepita katika mtaa. Karo ya shule huja mara tatu kwa mwaka, muhula unapofunguliwa: mnamo Februari, mwishoni mwa Mei na mnamo Septemba. Umeme nao hauna ankara tena kwa nyumba nyingi, kwani hulipiwa kabla ya kutumiwa.

Basi mtu aliyepanga chumba tarehe 17 hulipa kodi wakati mfuko umekwisha kuwa mwepesi. Hukopa kwa jirani, hulipa tarehe 28, na mwezi mpya huanza ukiwa umekwisha kumegwa. Walioizoea hali hiyo huitibu kwa njia nyepesi: humwendea mwenye nyumba mapema, kabla ya deni lolote, wakamwomba siku ya kulipa isogezwe hadi mwisho wa mwezi, nao wakamlipa zile siku za katikati mara moja tu. Mwenye nyumba hapotezi kitu, bali hupata uhakika. Ombi hilo hilo likitolewa na mtu ambaye tayari anadaiwa, huonekana kuwa ni hila.

Umeme na hesabu ya mwezi

Umeme wa Kampala ulianza kutoka kwa wingi katika mto Nile huko Jinja mwaka 1954, lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Tangu mwaka 2005 hadi Machi 31, 2025, ugawaji wake ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Umeme, kisha ukarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Mita za kulipia kabla zilianza kuenea mwaka 2011, nazo huitwa Yaka, neno la Kiganda ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa.

Bei ya umeme wa nyumbani hupangwa kwa ngazi. Mwaka 2022, yuniti 15 za kwanza katika kila mwezi ziliuzwa kwa shilingi 250 za Uganda kila moja, na zilizofuata kwa zaidi ya shilingi 700, kabla ya kodi. Nafuu hiyo huhesabiwa kwa mwezi wa kalenda, na mwezi ukipita bila kununua, nafuu yake hupita nao.

Chukua mfano wa nyumba mbili, kila moja ikitumia yuniti 30 katika miezi miwili. Ya kwanza hununua 15 kila mwezi, na zote huzipata kwa bei ya chini. Ya pili hununua 30 kwa mkupuo mmoja katika mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili hainunui kitu. Nyumba hii ya pili hupata 15 tu kwa nafuu, na kwa bei zile za 2022 imepoteza zaidi ya shilingi 6,700 kwa matumizi yale yale. Wala asidhani mtu kwamba kwa kuuruka mwezi ameikwepa ada ya huduma, kwani ada hiyo humngoja na kukatwa siku atakaponunua tena. Kosa hili hufanyika sana Desemba, mfuko unapojaa na mtu akajaza mita kwa ajili ya Januari. Afadhali fedha hizo zikae kando zingoje tarehe mosi.

Nani alipwe kwanza?

Desturi ya wengi ni kumlipa kwanza yule apigaye kelele zaidi. Nyumba zenye utaratibu hujiuliza swali jingine: ni deni lipi ambalo likicheleweshwa litaongezeka? Maji yakikatwa, familia hununua kwa dumu kwa wachuuzi, kisha hulipa ankara ile ile pamoja na gharama ya kuunganishiwa. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, hasara yake haiandikiki katika daftari. Wazazi wa Uganda walionja hasara ya namna hiyo shule zilipofungwa kwa ajili ya korona tangu Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022.

Karo ndiyo huwavunja wengi, kwa kuwa huonekana kama dharura ingawa tarehe yake hujulikana mwaka mzima. Muhula mmoja hubeba wastani wa miezi minne. Karo ya shilingi 300,000 kwa muhula ni shilingi 75,000 kwa mwezi. Nazo zikitengwa tarehe 28, kabla ya safari ya sokoni, Septemba haiji kama mwizi.

Kutoa fedha katika simu nako kuna gharama. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018, kodi ya fedha za simu Uganda iliwekwa kuwa nusu asilimia ya kiasi kinachotolewa, mbali na ada ya kampuni. Anayetoa fedha ili akalipe maji kwa mkono hulipia mara mbili. Alipaye moja kwa moja kwa simu hukwepa kodi hiyo ya kutoa.

Kadi iliyowekwa rehani

Asiyepanga tarehe huishia mlangoni kwa mkopeshaji. Kwa miaka mingi wako walimu wa Uganda waliowaachia wakopeshaji kadi zao za benki pamoja na namba za siri, hata mshahara ukawa hupokelewa na mtu mwingine, na mwenye jasho akangoja apewe masalio. Sheria ya mwaka 2016 ilikataza kadi kufanywa rehani. Hata hivyo, sheria haiwezi kuingia katika chumba ambamo mtoto ana njaa tarehe 20.

Isisemwe kwamba utaratibu wa tarehe hutosha. Mwaka 2022 mwalimu wa shule ya msingi alipata karibu shilingi 500,000 kwa mwezi, na mwezi Juni mwaka huo walimu waligoma wakidai nyongeza. Kalenda haiongezi hata shilingi moja katika mshahara. Kazi yake ni kuzuia shilingi iliyopo isipotee njiani.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika vyumba vya Banda na Kireka daftari hilo huweza kuwa kalenda iliyotundikwa ukutani, yenye alama kwenye siku ya kodi, siku ya maji na siku ya shule. Mume na mke wakae mbele yake jioni ya tarehe 27, fedha zikiwa bado hazijaingia, wapatane nani atalipwa nini. Kesho yake soko la Nakawa litawaita, na yafaa wakaliendee wakiwa wamekwisha kuamua.