Mgongo Hauna Spea

Siku niliyojua mambo yameharibika, kikombe kiliniponyoka. Si ati kilikuwa cha moto. Nilikishika vizuri, nikakiinua, vidole vikakiachilia vyenyewe. Chai ikamwagika mezani, wenzangu ofisini wakacheka wakidhani nimesinzia. Nami nikacheka, lakini roho ilikuwa inanidunda. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naamka usiku nikiukung'uta mkono wa kulia kwa sababu kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vinakufa ganzi.

Nilikuwa na miaka 24. Nilidhani haya ni maneno ya wazee, ama ya watu wa mjengo wanaobeba simiti. Mimi nabeba nini? Kipanya tu.

Wacha nikupe ratiba yangu ya wakati huo. Saa moja na zaidi kwenye matatu, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, naingiza data kwenye kompyuta. Jioni, jam tena. Nikifika kwa bedsita yangu napanda kitandani, laptopu mapajani, nahariri video zangu mpaka usiku wa manane. Ukipiga hesabu vizuri, nilikuwa nasimama tu wakati wa kuoga na kupika.

Na kile kiti cha ofisi? Bana! Chuma cha kukipandisha kilikuwa kimekufa zamani, kwa hivyo nilikaa chini kama mtoto kwenye meza ya wageni, mabega yamepanda karibu yaguse masikio.

Lakini niseme ukweli, kiti hakikuwa shida kubwa zaidi. Shida ilikuwa kwamba ukisimama kujinyoosha, msimamizi anapita na kuuliza, "Kazi imeisha?" Hakuwa mtu mbaya. Ni vile tumelelewa. Tangu darasa la kwanza, mtoto mzuri ni yule ametulia kwa dawati. Ukisimama unatafuta makosa. Basi tukaja na hiyo akili hadi kazini. Nilikuwa najifanya naenda msalani ili ninyooshe mgongo dakika mbili kando ya sinki, kama mtu anayeiba.

Mtu mmoja tu hakuwa akijificha. Kulikuwa na mama wa idara ya uhasibu, tukimwita Auntie. Alikuja na mto wake kutoka nyumbani, akauweka nyuma ya kiuno. Skrini yake aliiinua kwa rimu mbili za karatasi. Kila baada ya muda alisimama, akazungusha mabega, akaenda kujaza glasi ya maji. Sisi vijana tulimcheka sana kuhusu huo mto. Siku ya kikombe aliniita kando, akaniambia, "Kijana wangu, gari likiharibika unaenda Kirinyaga Road unapata spea. Mgongo hauna spea. Nenda hospitali."

Nikaenda. Nikaambiwa kuna neva inayopita kwenye kifundo cha mkono, nayo imebanwa. Nikipuuza, misuli ya chini ya kidole gumba inaweza kunyauka. Nikapewa kifaa kigumu cha kufunga mkono usiku, na mazoezi ya kufanya. Miezi ilipita kabla sijaamini tena mkono wangu na kikombe.

Tangu hapo nimebadilisha vitu vidogo, na karibu vyote ni vya bure. Laptopu yangu sasa inakaa juu ya vitabu vyangu vya sekondari na kamusi moja nene, ili juu ya skrini palingane na macho. Nilinunua kibodi ya bei rahisi ya kuweka chini, viwiko vinakaa karibu na mbavu, vifundo vya mikono havipindi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo shingo inavyobeba mzigo zaidi. Miguu nayo iguse sakafu. Kama haifiki, tafuta kiboksi. Kwa macho, kila dakika 20 naangalia kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Tukikazia skrini macho tunasahau hata kupepesa.

Lakini usidanganyike kwamba kuna namna moja takatifu ya kukaa. Hata ukikaa wima kama askari wa gwaride kwa saa 8, mwili utalalamika. Unachochoka nacho ni kuganda. Simu ikiingia, ongea ukitembea. Lifti iache, panda ngazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukishuka stejini moja kabla ya yako na kutembea haraka, tayari umeanza kuzihesabu.

Na nyinyi mabosi, tusikizane. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi na vifaa vinamfaa mfanyakazi. Kiti kizima si zawadi ya Krismasi. Na mtu akisimama dakika mbili, hajakuibia. Atakayekugharimu ni yule aliyekaa kimya mpaka akashindwa kushika kalamu.

Ninaowahurumia zaidi ni wenzangu wa kazi za mtandaoni, wale wa kuandika na kunakili sauti, usiku kucha kwenye bedsita. Huko hakuna msimamizi wa kukuuliza kama kazi imeisha. Lakini tumejiwekea wenyewe msimamizi kichwani, na yeye ni mkali kuliko yule wa ofisi. Anasema malizia hii moja kwanza. Halafu nyingine. Ukishtuka, kumekucha na hujainuka.

Auntie alistaafu, na siku ya kumuaga aliniachia ule mto. Uko nyuma yangu sasa hivi ninapoandika. Sijui umesoma hii ukiwa umekaa vipi, lakini nina wazo. Shusha mabega. Inuka, uende ujaze glasi ya maji. Wakikuuliza kama kazi imeisha, waambie bado, na ndiyo sababu unautunza mgongo.